Sinia Lililokosa Mpunga

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko kazi za kuwapa, palikuwa na nchi iitwayo Ungwasi, katika bonde la mto mpana uliofurika kila masika na kuwaachia watu matope meusi mashambani. Watu wa Ungwasi hawakujua mbolea nyingine wala hawakuitafuta. Mto ulileta, wao wakapanda, ndege wakala fungu lao, na kilichobaki kikatosha. Mpunga wao ulikuwa wa namna moja tu, mrefu wa bua na mwembamba wa punje, nao waliuita Rudinyumbani. Uliitwa hivyo kwa sababu ulipochemka chunguni harufu yake ilitoka mlangoni, ikapita uchochoroni, ikawafikia waume waliokaa barazani tangu asubuhi wakicheza bao, nao wakakumbuka ghafla kwamba wana wake, na kwamba wanawapenda sana.

Mbegu ya mpunga huo hakuna aliyeinunua wala aliyeiuza. Kabla ya mavuno kila mwanamke aliingia shambani mwake na kisu kidogo, akachagua masuke yaliyojaa vizuri, akayafunga kwa ukambaa wa mgomba, akayatundika juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake, na aliyemzaa bibi yake.

Tena watu hao walikuwa na desturi yao ya vyombo, na msikilizaji wangu aishike, maana bila hiyo hekaya hii haina miguu. Ukiletewa chakula, ukala, hukirudishi chombo kitupu. Aliyekula ndiye anayekijaza kwa mkono wake mwenyewe kabla jua halijachwa. Chombo cha chakula hurudi na chakula, wala si kilekile kilicholetwa, maana ukimrudishia mtu muhogo kwa muhogo ni kama kumwambia, chukua chako uende zako. Wizi watu wa Ungwasi waliusamehe. Uongo waliufurahia, hasa ukisemwa vizuri. Lakini aliyerudisha sahani tupu hakuozwa mke, na kama alikuwa naye tayari, mke alirudi kwao.

Basi mtawala wa nchi hiyo alikuwa Sultani Makungu. Hakuwa mtu mbaya, kama walivyosema wote waliokula jikoni kwake. Aliogopa vitu viwili tu duniani, radi na mama yake, Bi Mkubwa Mwanamize. Na radi angalau ilikuja kwa msimu. Bi Mkubwa aliketi siku zote nyuma ya pazia la barazani, akitafuna tambuu na kusikiliza hukumu za mwanawe, na pale alipokohoa, hukumu ilibadilika.

Ikawa mwaka mmoja Sultani alipata mgeni, naye ni mtawala wa nchi jirani ya Kigunga. Njiani mgeni yule alishikwa na mvua, akajihifadhi katika kibanda cha mkulima mmoja, akapewa wali kwa samaki, akala hadi akalegeza mshipi. Alipofika ikulu akaandaliwa karamu, akaonja, akatabasamu, akasema kwa nia njema kabisa, "Sultani mwenzangu, wali wako ni mzuri sana. Ni mzuri sawasawa na ule niliokula kwa yule bwana wa matopeni."

Neno hilo "sawasawa" lilimwingia Sultani Makungu na halikutoka. Hakulala vizuri, akaamka na kumwita Waziri wake, Mshangama, ambaye kazi yake ilikuwa kuyafikiri anayotaka Sultani kabla Sultani hajayafikiri.

"Waziri," alisema Sultani, "mtu mwenye tope magotini analaje chakula kimoja na mimi?"

"Nami nilikuwa najiuliza vivyo hivyo, Maulana," akasema Waziri, ambaye alikuwa hajajiuliza kitu.

Basi mbiu ikapigwa nchi nzima. Mpunga wa Rudinyumbani wote ni mali ya Sultani, ulio ghalani na ulio darini, wa kula na wa mbegu. Raia wapeleke wote ikulu, na wao wale mchele mweupe ulioletwa na merikebu, mnene, safi, wenye harufu nzuri ya gunia. Wazee wakaenda kulalamika kwamba mchele ule hauna ladha. Sultani akawajibu maneno ambayo Waziri aliyasifu sana, hata akaamuru nayo yapigiwe mbiu mara moja: "Mchele ni mchele! Tumbo halina pua!"

Askari wakapita nyumba kwa nyumba. Waliojaribu kuficha hawakufika mbali, kwa sababu Rudinyumbani hauna siri. Hata ukipikwa mvunguni mwa kitanda, nusu ya mtaa inajua. Askari walisubiri saa ya chakula, wakainua pua juu, wakaenda moja kwa moja mpaka chunguni. Wakala kwanza, kwa ajili ya ushahidi, kisha wakachukua uliobaki. Baadaye wakapanda darini na kuangusha masuke ya mbegu, yaliyokuwa meusi kwa masizi, wakayatupa kwenye magunia kama kuni.

Miongoni mwa walionyang'anywa alikuwepo mwanamke mmoja mzee, Bi Kazija. Yeye hakulia mpunga wa kula. Aliwaambia askari, "Chukueni wa ghalani, baba zangu, mle mshibe. Yale masuke niachieni." Hawakumwachia. Basi akakaa chini mbele ya meko, akatazama ile kamba tupu juu yake, akalia kwa sauti, bila kujificha, kama mtu aliyefiwa.

Naye Bi Kazija alikuwa na mtoto wa kaka yake akiishi naye, jina lake Simai, aliyepewa la utani Pakacha, kwa sababu pakacha moja la makuti ndilo lililobeba mali yake yote, na bado lilikuwa na nafasi. Simai hakuwahi kulima. Kila masika alieleza kwamba matope yanateleza, na kila kiangazi akaeleza kwamba ardhi imekuwa ngumu. Watu walikuwa wakimsikiliza kwa hamu, maana kila mwaka alieleza vizuri zaidi. Alijua kula, alijua kusema, na wali wa shangazi yake aliupenda kwa moyo wake wote.

"Shangazi, nyamaza," akasema Simai. "Nitakwenda kuidai mbegu yako."

"Wewe?" akasema Bi Kazija akifuta machozi. "Mwanangu, wewe hata jembe hujalidai kwa jirani aliyeliazima."

"Jembe silihitaji, shangazi. Wali nauhitaji."

Basi akaenda ikulu, akaingia barazani kwa Sultani, akapiga magoti. Mgeni wa Kigunga alikuwa bado yupo, maana wageni wa Sultani hawakuwa na haraka, na Waziri Mshangama alisimama upande wa kulia, na nyuma ya pazia kikasikika kinu kidogo cha tambuu cha Bi Mkubwa.

"Sabalkheri, Maulana," akasema Simai. "Nimekuja kwa ajili ya mbegu ya shangazi yangu, Bi Kazija. Masika yamekaribia. Asipopanda sasa mbegu itazeeka, na ikizeeka haitaota, na isipoota hakuna wa kuizaa tena upya. Maulana hali mbegu yenye masizi. Ya nini kwako?"

Baraza likacheka, maana hapakuwa na aliyewahi kumsikia Simai Pakacha akisema juu ya kupanda. Sultani naye akacheka, na kwa kuwa mgeni alikuwa akitazama, akapata hamu ya kuonyesha akili.

"Simai," akasema, "mimi ni mtu wa haki. Mbegu utaipata, na si ya shangazi yako tu. Siku nitakapotia mpunga katika chombo chako kwa mkono wangu huu, bila kuombwa nawe wala na kiumbe chochote, siku hiyo hiyo nitafungua ghala langu na kila mtu atachukua mbegu yake. Naapa mbele ya mgeni wangu. Lakini ukithubutu kuomba tena, wewe au mwingine kwa niaba yako, au mvua ya kwanza ya masika ikianguka kabla hujafaulu, utatoka Ungwasi, na shangazi yako utoke naye. Nyumbani mwake nitafuga punda."

"Ajabu ya hekima!" akasema Waziri.

Mgeni wa Kigunga akatikisa kichwa. Simai akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema, "Nimesikia, Maulana," akatoka nje.

Bi Kazija aliposikia masharti yale alishika kichwa. "Umeniuza, Simai! Nilipoteza mbegu, sasa napoteza na nyumba. Nitakwenda wapi na miguu hii? Sultani atatiaje mpunga chomboni mwako bila kuombwa? Ana wazimu?"

"Shangazi," akasema Simai, "unalo lile sinia kubwa la shaba?"

"Ninalo. Ndilo lililobaki, na ukiliuza nitakupiga nalo."

"Siliuzi. Lisugue."

Basi Simai akalichukua pakacha lake, akapita mitaani akibisha hodi. Kwa kila nyumba aliomba kidogo cha kila walichonacho. Hakutaka kingi: tonge la ugali wa mtama, kipande cha muhogo, kunde chache, choroko chache, ncha ya boga. Watu wakasema, "Masikini, ameshafanya akiba ya safari," nao wakampa, kwa huruma au kwa kufurahi kwamba anaondoka. Kwa warina asali akapata sega la ukubwa wa kucha. Kwa muuza halua, ambaye hakuwahi kumpa mtu kitu, akapewa halua iliyokwanguliwa sufuriani. Akapata tende moja, ndizi moja, yai moja, ndimu, pilipili, chumvi, samli kwenye jani, maziwa kwenye kifuu, nyama ya mbuzi ya kukausha, bawa la kuku. Na ule mchele wa merikebu, ambao kila nyumba ilikuwa nao na kila nyumba ilitamani kupungukiwa nao, akapewa mwingi. Akachukua konzi moja mbichi, na konzi nyingine akamwambia shangazi yake aipike.

Mwisho akashuka mwenyewe mashambani. Ndiyo, Simai aliingia matopeni. Walioona walisimulia kwa wajukuu zao. Katika vidimbwi vya mashamba ya mpunga mlijaa kambare, nao kwa desturi wanawake waliwavua walipokuwa wakipalilia, wakawapeleka sokoni, na wengine wakafika ikulu. Tangu mbiu ile hakuna kambare hata mmoja aliyefika ikulu. Watu hawakugoma, la hasha, walisahau tu. Kwa hiyo Sultani alikuwa na wali wote wa nchi, na nchi ilikuwa na kitoweo chote cha Sultani. Yeye alikula wali kwa mbuzi asubuhi, na wali kwa mbuzi jioni, na mpishi alipoulizwa kesho kuna nini, alijibu kwa heshima, "Mbuzi, Maulana, lakini mwingine."

Simai akavua kambare mnene, Bi Kazija akambanika juu ya makaa, akampaka tui zito lenye ndimu na kitunguu, akambanika tena, akampaka tena, mpaka tui likakauka na kuwa la rangi ya dhahabu. Wakamlaza katikati ya sinia. Vitu vingine vyote wakavipanga kumzunguka, vingine vimefichwa chini ya jani la mgomba, na juu yake wakafunika kawa.

Siku ile mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mtoni. Simai akajitwika sinia, akaenda ikulu jua likiwa utosini.

"Maulana," akasema, akilitua mbele ya Sultani, "tumekosana, lakini tu majirani. Shangazi amekuletea chakula. Sikuja kuomba kitu, wala sitaomba."

Akalifunua kawa. Harufu ya tui na makaa ikapanda. Waziri Mshangama akafungua kinywa ili aonye, maana alikuwa mtu wa kushuku, lakini Sultani alikwisha kunawa. Akala kambare upande mmoja, akamgeuza, akala upande wa pili, akanyonya kichwa, akalamba vidole kimoja kimoja. Ndipo akakumbuka kwamba ana adui mbele yake.

"Mwambie shangazi yako amepika vizuri," akasema. "Nenda zako."

Simai hakwenda. Alikaa palepale, amekunja miguu, akilitazama sinia kwa adabu.

Nyuma ya pazia kinu cha tambuu kikanyamaza.

"Mwanangu," ikasema sauti ya Bi Mkubwa Mwanamize, "umekula."

"Nimekula, mama."

"Chombo cha watu kinarudi lini?"

Sultani akacheka kidogo, maana jambo hili lilikuwa rahisi. "Waziri, leta tende. Kapu zima! Nitamjazia kwa mkono wangu, asije akasema sisi hatujui desturi."

Simai akainua pembe ya jani la mgomba. Chini yake ilikuwepo tende moja, imelala peke yake. "Imo, Maulana," akasema kwa masikitiko.

"Basi asali."

"Imo, Maulana. Pale, upande wa ndizi. Na ndizi nayo imo."

"Halua!"

"Hiyo hapo, Maulana. Ni kidogo, lakini ni halua."

Sultani akaanza kutoka jasho. Waziri akasogea akamnong'oneza, na kila aliponong'oneza Sultani akasema kwa sauti: mbuzi, kumbe mbuzi yumo. Kuku; bawa lake lile pale. Yai, samli, maziwa, mtama, choroko. Vyote vimo, na Simai alivionyesha kimoja kimoja kwa kidole, taratibu, kama mama anayeonyesha wageni watoto wake. Wakaleta fenesi, na Simai akawaonyesha kokwa zake zilizochemshwa. Waziri kwa kukata tamaa akasema, "Maji!"

"Maji ni chakula?" ikauliza sauti nyuma ya pazia.

"Basi dhahabu!" akasema Sultani. "Nitamtilia pete yangu!"

"Makungu," akasema mama yake, na alipomwita kwa jina baraza zima lilitazama chini, "sinia la chakula linarudi na chakula. Au huko matopeni wanatafuna pete siku hizi?"

Mgeni wa Kigunga akaangalia pembeni, mabega yakimtikisika. Waziri Mshangama akapiga paji la uso, macho yakamng'aa. "Maulana! Mchele! Rudinyumbani uliotwangwa. Ni chakula, wala hauoti hata ukimwagiwa mto mzima. Mpe mchele!"

Sultani akaruka kwa furaha, akaamuru mchele uletwe. Simai akainua upande wa mwisho wa jani. Palikuwa na konzi ya mchele mweupe wa merikebu, na kando yake, kwenye kifuu, tonge la wali wake uliopoa.

"Huo si mchele wetu!" akapiga kelele Waziri. "Huo ni mwingine! Hauna ladha wala harufu, kila mtu anajua!"

Waziri akajisikia alichokisema, akatamani kukimeza. Na nyuma ya pazia Bi Mkubwa akasema polepole, "Mbiu niliisikia kwa masikio yangu mawili. Mchele ni mchele. Tumbo halina pua. Au nilisikia vibaya, mwanangu?"

"Ulisikia vizuri, mama," akasema Sultani kwa sauti ndogo.

Basi hapakubaki kitu. Kila chakula kilicholiwa katika nchi ya Ungwasi kilikuwamo ndani ya sinia lile, kwa sababu watu walikuwa nacho, kasoro kimoja ambacho watu hawakuwa nacho hata punje, na sababu yake ilikuwa Sultani mwenyewe. Kila mtu barazani alikijua. Hakuna aliyekitaja. Askari walitazama dari. Mgeni alitazama kucha zake. Waziri alitazama mlango. Simai alitazama sinia. Bi Mkubwa akafungua pazia kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, akatoka nje, akaangalia jua lilipofikia, kisha akarudi akakaa.

Sultani Makungu akainuka. Akavuka ua kwa miguu yake mwenyewe mpaka ghalani, baraza lote likimfuata kwa mbali, Bi Mkubwa naye, na Simai nyuma yao na sinia lake, ambalo alikuwa amekwisha kuliondolea vilivyobaki na kulipangusa safi. Ghala lilijaa mpaka mlangoni. Panya, ambao hawakupigiwa mbiu, walikuwa wakila vizuri. Sultani akainama, akachukua suke moja lenye masizi, akapukusa punje moja, akaiweka katikati ya sinia lile kubwa la shaba.

"Haya," akasema. "Si tupu."

Bi Mkubwa akakohoa.

Sultani akaongeza suke lote. Bi Mkubwa akakohoa tena. Akaongeza fungu. Kikohozi kile kikawa kibaya sana, hata watu wakaingiwa na hofu juu ya afya yake, na hakikupona mpaka sinia likafurika na masuke yakaanza kudondoka pembeni.

Ndipo Simai akapiga magoti. "Maulana, ahsante. Mimi sikuomba. Je, yupo kiumbe yeyote aliyeomba?"

Sultani akamgeukia Waziri kwa matumaini. Waziri, ambaye angetoa jino ili aseme ndiyo, akamtazama Bi Mkubwa, akamtazama mgeni wa Kigunga aliyekuwa shahidi wa kiapo, akasema, "Hakuna, Maulana. Hata neno mpunga halikutajwa."

Mgeni yule hakuweza tena kujizuia. Akacheka, akajishika mbavu, akaegemea nguzo ya ghala akicheka. Sultani akamtazama kwa hasira, kisha akalitazama sinia, kisha akajitazama mikono yake iliyojaa masizi kama ya mpishi, na kwa kuwa kulia mbele ya mgeni kungekuwa vibaya zaidi, naye akaanza kucheka. Alicheka kidogo kidogo kwanza, kwa uchungu, halafu kwa kweli. Akaamuru ghala lifunguliwe.

Watu wakaja kutoka kila pembe ya bonde. Wanawake waliingia wakapekua magunia, na kila mmoja aliyatambua masuke yake kwa namna fundo lilivyofungwa, kwa kuwa kila mmoja alifunga kama mama yake alivyomfunza. Bi Kazija alipoyapata yake aliyakumbatia kifuani, masizi yakachafua kanga yake nzima, naye hakujali. Akampita Sultani bila kumwamkia, na Sultani akaona ni afadhali kutokuulizia.

"Sasa Simai," akasema Sultani, "wewe umeniaibisha, nami ni mtu wa haki. Nitakuzawadia. Karibu na shamba la shangazi yako pana kiwanja changu, cheusi, chenye maji, kizuri kuliko vyote bondeni. Ni chako. Na mbegu ya kukipanda chote ni hii uliyonipokonya."

Simai akageuka rangi. "Maulana, huruma yako imezidi. Nilidhani pengine kanzu..."

"Kanzu itachafuka matopeni."

"Basi unifukuze nchini, Maulana. Nilistahili. Mvua uliyoniwekea sharti iko pale mawinguni."

"Mwanangu," akasema Bi Kazija nyuma yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingojea siku hii tangu Simai alipoota ndevu, "hatukatai zawadi ya Sultani. Jembe la jirani nimekwisha kulidai mwenyewe. Liko mlangoni."

Nchi nzima ikacheka, na Bi Mkubwa, kwa mara ya kwanza siku ile, akakohoa kweli, kwa kupaliwa na tambuu.

Mvua ya kwanza ya masika ikaanguka kabla hawajafika nyumbani. Watu wakashuka bondeni kwa mbio, maana matope yalikuwa yameanza kulainika na hapakuwa na muda wa kupoteza. Simai alikwenda nao, jembe begani, akinung'unika kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto: kwamba matope yanateleza, kwamba mgongo wake tangu utoto si mzima, kwamba kupata shamba ni adhabu kuliko kulikosa. Lakini shati alikuwa amelivua, akaloa yeye mpaka mifupani, na ndani ya shati lile alikuwa ameyafunga masuke ya shangazi yake, akiyabeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, yasipate tone.

Hekaya yangu nimeipakua yote. Aliyeshiba na anawe mikono, na ambaye hajashiba, akapike kwake.